Polima hujipangaje kuwa fuwele?

Maji ya chumvi yakikauka, chembe za chumvi hupangana moja baada ya nyingine hadi fuwele ikatokea. Polima haina wepesi huo. Molekuli yake ni mnyororo wa maelfu ya viungo, na plastiki ikiyeyuka minyororo hutatizana kama nyuzi zilizorundikwa kapuni. Kiungo hakisogei bila kuvuta wenzake.

Hata hivyo, polima nyingi hufanya fuwele, na namna zinavyofanya ni ya ajabu kweli. Mwaka 1957, Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alichunguza fuwele za polithini kwa hadubini ya elektroni. Aliona vibapa vyembamba mno, vya unene wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), minyororo ikiwa imesimama wima ndani yake. Lakini mnyororo mmoja ukinyooshwa huzidi unene huo mara nyingi sana. Basi umeenea vipi? Keller alijibu kwamba hujikunja: hupanda hadi juu ya kibapa, hugeuka, hushuka, hugeuka tena. Kibapa hicho huitwa lamela.

Mnyororo ulionyooka wote ungekuwa tulivu zaidi, kwa kuwa kila mkunjo huongeza nishati. Ila kunyooka kunataka muda mrefu, na kujikunja ni upesi; polima hufuata njia ya upesi. Ndiyo maana ikipoozwa polepole lamela hunenepa, na ikipoozwa ghafla hutoka nyembamba, nazo nyembamba huyeyuka kwa joto dogo zaidi.

Plastiki inapopoa, lamela huanzia kwenye kiini na kutawanyika pande zote zikichipuza matawi, hata likaumbika tufe liitwalo sferuliti. Kati ya lamela moja na nyingine hubaki minyororo iliyovurugika, na mingine huvuka kutoka lamela hii hadi ile. Nadhani watu huidharau sehemu hiyo bure: ndiyo inayoifanya plastiki ipindike bila kukatika.

Si kila polima huweza kufanya fuwele. Polistireni ya kawaida ina vikundi vya atomi pembeni mwa mnyororo vilivyokaa ovyo, haipangiki, hubaki angavu kama kioo.

Zipo pia polima zinazojipanga kwa njia nyingine: zile za vipande viwili visivyopatana, vilivyoungwa katika mnyororo mmoja. Haviwezi kuchanganyika wala kuachana, hivyo hujitenga kwa umbali wa makumi ya nanomita tu. Kipande kimoja kikiwa kifupi sana hujikusanya kuwa vitufe. Kikirefuka kidogo, mihimili. Vikikaribiana urefu, tabaka kwa tabaka.