Kikohozi cha siku za maabara: maswali na majibu

Hewani kwenye maabara ya kufundishia kuna nini?
Kuna bakteria na mbegu za fangasi, yaani spora. Bakteria wengi, kama Staphylococcus na Micrococcus, hutoka kwenye ngozi na pumzi zetu wenyewe, kwa hiyo chumba kikijaa huongezeka. Fangasi kama Aspergillus, Penicillium na Cladosporium huingia na hewa ya nje, au huota palipolowa: dari inayovuja, ukuta wenye unyevu, kichujio cha kiyoyozi ambacho hakijawahi kuoshwa.

Humdhuru kila mtu?
Hapana. Wanaoumia zaidi ni wenye pumu, wenye mzio na wenye kinga dhaifu.

Siku za vitendo nakohoa na kifua kinapiga mluzi. Wikendi napata nafuu. Nimeze antibiotiki gani?
Usimeze yoyote. Kikohozi kinachofuata ratiba ya vipindi kinaelekea kuwa mzio au pumu, na antibiotiki haitibu pumu wala mzio. Fangasi nao haiwaui. Tunapokea wanafunzi wenye pakiti tupu za vidonge vya aina mbili tatu mkobani, zote kwa ushauri wa rafiki, na bado wanahema.

Mbona mara ya mwisho nilimeza amoksilini nikapona?
Ulimeza ukiwa nyumbani, mbali na maabara. Kilichokupa nafuu huenda ni kukaa mbali na ile hewa. Nasema tena: antibiotiki si dawa ya pumu.

Basi nisubiri kwanza nione?
Usisubiri. Mluzi kifuani unatosha kukupeleka kituo cha afya. Kikohozi kikifika wiki 2, upimwe na kifua kikuu pia. Ukikohoa damu, nenda siku hiyohiyo. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hiyo ni dharura, nenda saa hiyohiyo. Na umwambie daktari kwamba unashinda maabara. Wengi hawasemi, halafu wanashangaa kutibiwa mafua.

Barakoa ya upasuaji inatosha?
Inapunguza matone ya mate. Spora ya Aspergillus ina maikromita 2 hadi 5 tu (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), nayo hupenya pembeni, pale barakoa isipogusa shavu.

Tubadilishe nini?
Kwanza, acheni kufunua sahani ya petri (ya kuoteshea vijidudu) yenye ukungu ili kuinusa. Sijui nani alianzisha mtindo huu, lakini kila darasa lina mtu wa kuufanya. Pua yako haitambui spishi. Sahani ifungwe kwa tepu, itazamwe bila kufunuliwa, kisha iingie otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kabla ya kutupwa. Koti la maabara libaki maabara. Msifagie kwa ufagio mkavu, unarusha spora juu. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu. Kati ya kipindi na kipindi, hewa ipite.

Dari yenye ukungu tuipake rangi?
Zibeni kwanza panapovuja, kisha ondoeni vipande vilivyoota ukungu. Ukionekana tena juu ya rangi mpya, maji bado yanaingia.