Seva nane, inayofanya kazi ni moja

Saa tisa usiku simu ya tahadhari iliniamsha. Kazi ya kuchakata miamala ya siku, ambayo kwa kawaida huwa imeshaisha saa hizo, ilikuwa bado inaendelea. Klasta yetu, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ina seva nane. Nilipofungua ukurasa wa Spark, programu inayoigawa kazi ya data kwa seva nyingi, nikakuta vipande vyote vya hatua iliyokuwa ikiendelea vimekamilika, kasoro kimoja. Seva saba zimekaa kimya zikiisubiri ya nane, nayo memori imeijaa hadi inamwaga data kwenye diski.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza seva. Nilikataa, maana ya tisa nayo ingekaa kusubiri.

Hatua ile hutafuta malipo yaliyoingia mara mbili: hupanga miamala kwa muda, kisha hulinganisha kila mmoja na uliotangulia. Tulikuwa tumeigawa data kwa mkoa, kwa sababu tu ripoti ya asubuhi hutoka kimkoa. Sasa piga hesabu. Spark, usipogusa mpangilio wake, huigawa data katika partisheni (mafungu) 200 inapoihamisha kati ya seva. Lakini mistari yote yenye ufunguo mmoja (thamani inayotumika kugawa, hapa mkoa) lazima iangukie partisheni moja, na Tanzania ina mikoa 31. Partisheni zisizopungua 169 zilikuwa tupu tangu mwanzo, na Dar es Salaam nzima, Kariakoo na Mbagala ndani yake, ikabebwa na prosesa moja.

Kweli, tangu toleo la 3.2 Spark hurekebisha mpango yenyewe kazi ikiendelea, na partisheni iliyonenepa inaweza kuipasua wakati wa kuunganisha majedwali. Hapa haiwezi: mistari ya mkoa mmoja inatakiwa ikae pamoja, kwa mpangilio.

Dawa ilikuwa kubadili ufunguo uwe namba ya akaunti. Malipo yaliyojirudia hutoka kwa mtu yuleyule, kwa hiyo hakuna haja ya kumlinganisha na mji mzima. Tulichukua akaunti ya mlipaji, si ya mpokeaji. Akaunti inayopokea malipo ya umeme wa LUKU hupokea ya nchi nzima, tungerudi palepale.

Kwenye Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya programu, mambo ni hayohayo. Mada (mkondo wa ujumbe) yenye partisheni 12 ikisomwa na wasomaji 16 wa kundi moja, wanne hawapati kitu, kwa kuwa kila partisheni husomwa na mmoja tu wa kundi. Na ukiongeza partisheni baadaye, ufunguo uleule unaweza kuhamia partisheni nyingine, mfuatano wa ujumbe wa zamani na mpya ukavurugika. Afadhali uanze na partisheni za kutosha.

Siku hizi, kabla ya kupanga chochote, nahesabu mistari ya kila ufunguo na kuzipanga funguo kuanzia yenye mistari mingi. Juzi iliyoongoza orodha haikuwa akaunti ya mtu yeyote. Ilikuwa mistari isiyo na namba ya akaunti kabisa, kwa kuwa zilizo tupu zote huhesabiwa ufunguo mmoja. Tumeitenga, inapita njia yake.