Kinu kikongwe cha nyuklia hakigeuki bomu
Tangu Uyombo, Kilifi, patajwe kuwa mahali pa kujengwa kinu cha nyuklia, barazani Mombasa husemwa kinu kikizeeka hulipuka kama bomu la atomiki. Sivyo. Urani, fueli ya vinu vingi vya umeme, hurutubishwa (yaani huongezewa sehemu ya urani inayogawanyika kwa urahisi) hadi sehemu hiyo ifike asilimia 3 hadi 5. Ya bomu hukaribia 90. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, 1986, kilipasuliwa na mvuke. Cha Fukushima, Japani, 2011, na gesi ya haidrojeni (maafa makubwa, ndiyo, ila si bomu).

Uzee unauma kwingine. Pampu hubadilishwa. Chungu kizito cha chuma chenye fueli kwa kawaida hakibadilishwi, na nyutroni (chembe ndogo zitokazo kwenye fueli) hukifanya kiwe rahisi kupasuka. Kwa hiyo vipande vya chuma hichohicho huwekwa ndani tangu mwanzo, kisha hutolewa kwa awamu vikapimwe.