Mionzi ya kansa ya koo na mdomo: ladha itapotea lini, na itarudi?

Mjomba wangu alipigwa mionzi ya kansa ya shina la ulimi, mara 35. Wiki ya tatu akalisogeza pembeni bakuli la mchuzi wa samaki akamwambia mkewe "leo umesahau chumvi", mkewe akaongeza, mjomba akasema tena, akaongeza tena, mpaka ule mchuzi sisi wengine ukatushinda. Hakuna aliyekua ametuambia mapema kwamba hili linakuja. Tangu hapo naulizwa sana, kwaiyo nayajibu hapa.

Kansa iko kooni, mbona ladha inapotea ulimi mzima?

Kwasababu mionzi ikielekea kooni mara nyingi inapita na mdomoni. Ulimi una chembe za kuonja ambazo mwili unazibadilisha kila baada ya siku kama 10 hivi, za zamani zinakufa mpya zinashika nafasi, sasa mionzi inaumiza zile zinazozaa hizo mpya. Alafu tezi za mate nazo zinazidiwa, na chakula bila mate hakiyeyuki, kisipoyeyuka ulimi hauonji kitu, ndo maana mjomba alikua akila mkate anasema anatafuna boksi.

Naweza kujua kabla sijaanza kama itanipata?

Kwa kiasi kikubwa ndio, ingawa watu tunatofautiana. Kinachotabiri zaidi ni dozi itakayofika ulimini na mdomoni. Kansa nyingi za koo na mdomo zinapewa jumla ya grei 60 mpaka 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kama grei 2 kwa siku, siku 5 za wiki, ndo inafika wiki 6 au 7. Uvimbe ukiwa kwenye ulimi, tonsili au nyuma ya pua, mdomo unapokea mionzi mingi na wengi sana ladha inabadilika. Lakini ile kansa ndogo ya nyuzi za sauti iliyogundulika mapema, eneo linalopigwa ni dogo na ulimi unabaki pembeni. Ukichanganyiwa na sisplatini, dawa ya kemo ya kuua kansa, yenyewe pia inaharibu ladha, wengi wanasikia kama wamenyonya sarafu.

Kabla ya kuanza utatengenezewa kinyago cha plastiki cha kukushika kichwa, utapigwa sitii skani, alafu wanapiga hesabu ya dozi kwa kila kiungo. Yani namba zipo, wewe uliza tu: "Dokta, ulimi wangu utapata grei ngapi? Na tezi za mate zilizo mbele ya masikio?" Hizo tezi wastani wa dozi ukibaki chini ya grei 26 hivi, mate yana nafasi nzuri ya kurudi. Ila kuna wakati uvimbe uko palepale na hakuna namna, kansa lazima ipigwe kwanza.

Inaanza lini, inaisha lini?

Wiki ya pili au ya tatu. Inazidi mpaka mwisho wa matibabu na hata wiki kadhaa baada ya hapo. Kurudi ni taratibu, wengi ndani ya miezi 6 mpaka mwaka, wengine haikamiliki kabisa. Mjomba utamu wa chai ulirudi mwezi wa tano, nyama ikachelewa.

Nimpikie nini?

Laini na yenye majimaji: uji wa lishe wenye maziwa na karanga zilizosagwa vizuri, mtori, mayai ya kuvuruga, parachichi. Pilipili na ndimu weka mbali kama kuna vidonda. Akisema nyama inanuka chuma mpe samaki, kuku au maharage, na atumie kijiko cha plastiki. Asukutue mara nyingi kwa maji lita 1 yenye kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda (sio magadi jamani, yale ni makali).

Vidonge vya zinki je?

Vimejaribiwa, majibu yanapingana. Muulize daktari kabla ya kununua.

Anakataa kila ninachopika, nimemkosea nini?

Hujamkosea dada, na yeye hadeki. Mkewe mjomba alilia jikoni siku mbili kwa jambo hilihili. Usisubiri asikie njaa, mpe kidogokidogo kila masaa mawili, na mpime uzito kila wiki kwenye mzani uleule. Ukishuka, au maji yakigoma kupita, mpeleke siku hiyohiyo, wanaweza kumwekea mpira wa kulishia mpaka koo litulie.