Gari la umeme: moshi haupo, deni lipo

Gari la umeme halina bomba la moshi, basi wengi husema halichafui kitu. Si kweli. Wengine nao hushikilia kwamba ni uchafu uleule, umehamishiwa tu kwenye mtambo wa umeme. Hilo nalo si kweli, na ndilo linalopotosha zaidi.

Deni la uchafu lipo, tena huanza kabla gari halijagusa barabara. Kutengeneza betri hula nishati nyingi, na madini ya kobalti ya betri nyingi hutoka Kongo, sehemu kama Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni na sururu na tochi kichwani. (Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti kabisa, hili husahaulika.)

Lakini deni hilo hulipika njiani. Injini ya petroli kwa kawaida hupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nishati ya mafuta, nyingi ikiishia kuwa joto; mota ya umeme hupoteza kidogo tu. Kenya, ambako umeme mwingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, bodaboda ya umeme hulilipa upesi. Penye umeme wa makaa ya mawe, hukawia. Vumbi la matairi, hilo linabaki palepale.