Simu yako ina NFC, mbona hailipi?

Hapa kwenye dawati letu la elimu ya wateja swali hili linakuja kila wiki: nimeona kwa setingi simu ina NFC (ile ya kulipa kwa kugusisha), nikaigusisha kwa mashini ya kadi pale supamaketi Kampala, kimya, kwa nini? Jamani, chipu peke yake haitoshi, kazi ngumu ni wakubwa kukubaliana.

NFC ni redio ya karibu sana, sentimita 4 hivi, kwa hiyo zile stori za mtu kupita karibu nawe Old Taxi Park akakunyonya pesa mfukoni, tulieni kidogo. Tena waleti za kisasa (app za simu zinazobeba kadi yako) hazimpi muuzaji namba halisi ya kadi, anapata namba mbadala na msimbo wa mara moja.

Sasa vita vilikuwa hapa: siri za kadi zikae wapi? Kampuni za mtandao wa simu zilitaka zikae kwenye laini ili nazo zipate chao, watengeneza simu wakasema hapana, ziwe ndani ya simu yetu. Google ilileta waleti yake, Google Wallet, mwaka 2011 kule Marekani, Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya huko, ikagoma kuiweka kwenye simu ya Galaxy Nexus maana yenyewe na AT&T na T-Mobile walikuwa wanajenga ya kwao, ikiitwa Isis (jina hilo ilibidi walibadilishe 2014, maana lilifanana na la lile kundi la wapiganaji wa Syria na Iraq), ikawa Softcard, na 2015 Google ikanunua teknolojia yake. Apple ndo ilibana zaidi, tangu 2014 ikafungia chipu yake waleti za wengine zisiitumie kulipa, benki za Australia zikaomba ruhusa zijadiliane nayo kwa pamoja, 2017 mdhibiti wa huko akazinyima, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoibana 2024 ikakubali kufungua huko.

Kwetu Uganda MTN ilianza mobile money 2009 bila kuwapigia magoti watengeneza simu, laini ni yake, unapiga *165# hata kwa simu ndogo ya katochi na pesa inaenda. Kugusisha kunataka benki yako, mtandao wa kadi kama Visa, na mwenye waleti wote wawe wamekubaliana kwa nchi hii, mmoja akikosa basi. Kwa hiyo usibadilishe simu kwanza, iulize benki kama kadi yako inaingia kwenye waleti ya simu. Na ikiingia, soma kiasi kwenye skrini ya mashini kabla hujagusisha, keshia akiigeuzia upande wake mwambie aigeuze uone.