Pigo la kwanza liache tupu

Mimi ni mpiga besi. Katika kuzunguka na korali za Goma, kuanzia Majengo hadi Ndosho, nimeitwa mara nyingi "kuja kuweka rege" kwenye wimbo wa sifa, na karibu kila mara nakuta ugonjwa ni uleule: mguu wa kulia wa mpiga bateri. (Huku kwetu bateri ni seti ya ngoma. Ile ya simu nayo ni bateri, na hatujawahi kuchanganyikiwa.)

Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika rege ya wan dropu, ile Carlton Barrett, mpiga bateri wa bendi ya Wailers, aliyoifanya ijulikane duniani, kwenye moja mguu haugusi kitu. Gitaa linakata kwenye mbili na nne, kavu, vidole vikiachia nyuzi mara moja ili sauti isining'inie. Kwenye tatu, ngoma kubwa na kijiti kwenye ukingo wa snea, ile ngoma ndogo kali, vinaanguka pamoja. Kinanda kinatokota katikati kwa mkono wa kushoto, kama sufuria ya maharage iliyoachwa kwenye makaa. Besi ndiyo inayoimba. Ila nayo inajua kunyamaza.

Sisi tumelelewa na sebene, kile kipande cha kasi cha muziki wa Kongo ambapo magitaa yanatawala. Gitaa letu likiona nafasi linaijaza, na atalaku, yule mpiga kelele wa kuchangamsha wachezaji, akiona kimya anadhani umeme umekatika. Kwa hiyo kijana anapiga moja kwa nguvu zake zote, wimbo unageuka maandamano ya shule. Jumamosi iliyopita nilimwambia mmoja aache kabisa kuhesabu, avute pumzi kwenye moja na kuiachia kwenye tatu. Alicheka. Mara ya sita hivi mguu ukatulia, na wanaume wa sauti ya chini wakaanza kuyumba bila kuambiwa.

Mzee wa kanisa alikuwa amekaa nyuma, akanishika mkono tulipomaliza. "Mwanangu, huo si muziki wa wavuta bangi?"

Swali hilo nalisikia sana na silidharau. Rege ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960, na walioipa sauti yake kubwa walikuwa Marasta, wanaomwona Haile Selassie, aliyetawazwa Ethiopia mwaka 1930, kuwa zaidi ya mfalme. Hapo sisi na wao tunaachana, na si vizuri kujifanya hakuna tofauti. Wakitaja Sayuni wanaiona Ethiopia. Babeli ni dola inayowakandamiza. Lakini maneno yenyewe wameyatoa wapi? The Melodians walipotoa "Rivers of Babylon" mwaka 1970 walichukua Zaburi ya 137 na kipande cha Zaburi ya 19. Haile Selassie mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Bob Marley alibatizwa katika kanisa hilohilo Novemba 1980, miezi michache kabla ya kufa. Na Judy Mowatt, aliyemwitikia Marley kwa miaka mingi, baadaye aliokoka na anaimba injili.

Nikamwongezea mzee jambo ambalo kwetu hapa lingepaswa kujulikana zaidi. Ngoma za ibada ya Kirasta zinaitwa nyabinghi. Jina hilo ni la jirani zetu! Nyabingi alikuwa roho aliyeheshimiwa katika milima ya mpakani kati ya Rwanda na Uganda, na Muhumusa, mwanamke aliyeongoza watu kwa jina hilo, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Katika miaka ya 1930 habari za Nyabingi, zikiwa zimeongezwa chumvi nyingi, zilifika Jamaika kwa njia ya magazeti, Marasta wakalichukua jina. Kabla ya hapo kulikuwa tayari na kumina, ngoma za watu waliotoka Kongo baada ya utumwa kukomeshwa, na ndani yake bado anatajwa Zambi, Mungu wa Wakongo. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza kama Muhumusa alikuwa Mkristo. Hapana, Papa, hakuwa.

Upande wa nyimbo, usichukue yoyote tu. "Yesu kwetu ni rafiki" ina mapigo manne na inakaa vizuri mno: silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo unaweza kuivuta "rafiki" hadi mkazo wa "fi" uangukie kwenye tatu, kisha "ki" ielee yenyewe huku besi ikiwa kimya. Usiharakishe. Ukihesabu nilivyoeleza, metronomu ikae karibu na mapigo 140 kwa dakika. Ikipanda sana utajikuta kwenye ska, muziki wa Jamaika wa kasi uliotangulia rege, ambayo ni nzuri, lakini siyo uliyoitiwa. Atalaku mpe tamburini, akae mbali na kipaza sauti.

"Cha kutumaini sina" ni habari nyingine. Ina mapigo matatu, na rege haina mahali pa kuiweka hiyo ya tatu bila kuongeza ya nne, yaani kunyoosha kila mstari na kuwafundisha waimbaji upya mahali pa kupumua. Mama mmoja wa sauti ya pili anaing'ang'ania hiyohiyo kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Nimemwomba anipe wiki mbili.